UDONGO WA SHAMBA LAKO ULITOKA WAPI?

Ninyi mnaolima karibu na Lubumbashi, chukueni konzi moja ya udongo mwekundu mkaitazame. Watu wengi hudhani udongo ni kitu kilicholala tu, hakina habari. Sivyo. Udongo una wazazi watatu: jiwe, maji, na viumbe vyenye uzima. Somo hili laonyesha kazi ya hao watatu, na kwa nini mlimaji asiyeijua hupoteza mali yake.

1. Jiwe.

Dunia ina umri wa miaka milioni 4,500 hivi. Mawe ya kwetu yenye shaba si ya zamani namna hiyo, lakini yamepita miaka milioni 700. Wakati ule hapa palikuwa na bahari yenye maji mafupi. Matope, mchanga na chokaa vilishuka chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, vikagandamana vikawa mawe. Baadaye barafu nyingi ilifunika nchi. Mawe yaliyochukuliwa na barafu hiyo yangali katika miamba ya Katanga, makubwa na madogo yamechanganyika. Kisha, miaka milioni 550 hivi iliyopita, nguvu za ndani ya dunia zilisukuma tabaka hizo, zikakunjika kama mkeka. Kwa sababu hiyo tabaka za machimboni zimeinama au zimesimama, nazo zamani zilikuwa zimelala.

2. Viumbe vya kwanza.

Katika miamba ile yenye shaba mna mistari myembamba iliyopinda, mmoja juu ya mwenziwe. Ni kazi ya vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Viliishi pamoja kama utando, mfano wa utelezi ulio juu ya mawe ya mtoni. Utando ulishika chokaa na matope hata ukafunikwa. Vijidudu vikapanda juu, vikafanya utando mpya. Hivyo jiwe likakua.

Wakati ule nchi kavu haikuwa na majani, wala mti, wala mnyama. Vijidudu vya jamaa hiyo ndivyo vilivyoanza kujaza hewa oksijeni tunayovuta, tangu miaka milioni 2,400 hivi iliyopita. Mimea ilipanda nchi kavu miaka milioni 470 hivi iliyopita. Mtu kama sisi ana miaka 300,000 tu hivi. Sisi ni wageni wa jana.

Pengine mtu aliyesoma misioni ataniuliza: Je, Mungu si Muumba? Mimi pia nilisoma huko. Nami najibu: somo hili halikatai Muumba, laonyesha tu ya kuwa kazi hii ilifanywa pasipo haraka.

3. Jiwe kugeuka udongo.

Jua hupasha jiwe moto mchana, usiku hupoa, hupata nyufa. Mvua za Novemba mpaka Aprili huingia katika nyufa, mizizi huzipanua, jiwe huoza polepole. Lakini maji yale yale huchukua chokaa na vyakula vingine vya mimea, huvipeleka chini. Chuma hubaki, hushika kutu. Ndiyo rangi nyekundu mnayoiona. Basi udongo wetu mwekundu wapendeza macho, lakini una njaa. Chakula kingi cha mimea kimo katika tabaka nyembamba nyeusi ya juu, iliyofanywa na majani yaliyooza.

4. Kazi ya mchwa.

Tazameni vichuguu vikubwa vya nchi yetu. Kingine kimepita urefu wa nyumba, hata kufika meta 8. Mchwa hupandisha udongo mzuri wa ufinyanzi kutoka chini, hukusanya majani na miti, na ndani ya kichuguu chokaa hujikusanya. Wataalamu walipima umri wa vichuguu karibu na Lubumbashi, wakakuta kimoja kilichoanza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mdudu mmoja hana nguvu, lakini jamaa yake, kizazi baada ya kizazi, imerudisha juu kile ambacho mvua ilipeleka chini. Kwa hiyo wazee wetu hulima juu ya kichuguu, au humwaga udongo wake shambani. Wana haki.

5. Ardhi huchagua mbegu.

Kuna vilima vya shaba visivyoota miti, ila majani na maua tu. Wafua shaba wa zamani walivitambua kwa alama hiyo. Shaba nyingi ni sumu kwa mimea. Imekuwaje basi maua yaote pale?

Fikirini jinsi mnavyochagua mbegu za muhindi. Masuke hayalingani, mnaweka yaliyo bora, na watoto wao hufanana nao. Kilima cha shaba nacho huchagua, ingawa hakina akili. Mbegu nyingi zilianguka pale zikafa. Chache zilikuwa na tofauti kidogo, zikavumilia sumu, zikazaa. Watoto wao walirithi uvumilivu huo. Mambo hayo yakirudiwa vizazi vingi, huja mmea wa namna mpya. Hakuna mmea uliojigeuza kwa kutaka. Hivyo leo aina 30 hivi za mimea hazioti pengine duniani ila katika vilima vya shaba vya nchi yetu. Kilima kikichimbwa chote, mimea yake hupotea pamoja nacho.

Ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense, huota hata mahali ambapo watu wa kale waliyeyusha shaba. Ukiliona limejaa mahali, usilime mboga hapo. Ua hilo lakuambia ya kuwa udongo una shaba nyingi, na mboga huweza kuiingiza mwilini mwako.

6. Kazi yetu.

Hesabuni pamoja nami. Mvua ikichukua milimeta 1 tu ya udongo katika hektari moja, imechukua meta kyubiki 10. Kufanya udongo mwingine wenye unene wa kidole kimoja hutaka mamia ya miaka. Mto ukiwa mwekundu mwezi wa Desemba, ujue ni mashamba yanayopita.

Basi:
— Usilime kwa kufuata mteremko. Piga matuta ya kuukata.
— Usichome majani yote. Yafunike udongo, yaoze.
— Panda maharagi au karanga kwa zamu na muhindi.
— Usivunje kila kichuguu kwa kufanya matofali. Bakiza vya shamba.

Mbolea hununuliwa. Miaka 2,000 hainunuliwi.

Maulizo.
1. Kwa nini udongo wetu ni mwekundu, na kwa nini una njaa?
2. Mchwa hurudisha nini juu?
3. Kuchagua mbegu za muhindi na kilima cha shaba vinafanana namna gani?
4. Nenda shambani kwako baada ya mvua kubwa. Maji yanayotoka yana rangi gani? Utafanya nini?