Barabara ya Kilwa: Toka Dar es Salaam Hata Lindi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi siku hizi hupanda basi alfajiri, na kabla jua halijatua amekwisha kuiona Ghuba ya Lindi. Mwendo wake ni kilomita zipatazo 450. Wengi waipitao njia hiyo husinzia vitini mwao, wala hawajui ni nyayo za watu gani zilizotangulia mahali pale. Somo hili laeleza njia yenyewe, na mambo yaliyopita juu yake.

Mwendo wa njia

Fungueni ramani ya Tanzania, mweke kidole juu ya Dar es Salaam. Barabara hutoka mjini kwa upande wa kusini, hupita Mbagala na Kongowe, huingia Mkuranga, kisha Kibiti na Ikwiriri. Kuume na kushoto ni minazi, mikorosho na miembe. Baada ya Ikwiriri nchi hushuka, na msafiri huliona bonde pana la mto Rufiji, mto ulio mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Mto huo hukusanya maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu, ukayamwaga baharini kwa midomo mingi katikati ya msitu wa mikoko.

Ng'ambo ya Rufiji njia hupita karibu na Muhoro, hufika Somanga karibu na bahari, huvuka mto Matandu, hata ikafika Nangurukuru. Hapo ni njia panda. Aendaye upande wa mashariki hufika Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Aendaye magharibi hushika njia ya Liwale. Na aendeleaye kusini huvuka mito ya Mavuji na Mbwemkuru, hupita Mchinga, akaingia Lindi. Mbele ya Lindi, penye Mingoyo, njia hugawanyika tena: moja yapanda Masasi, na ya pili yafuata pwani kwenda Mikindani na Mtwara.

Zamani bahari ndiyo iliyokuwa njia

Kwa karne nyingi watu wa pwani hawakuona haja ya barabara ndefu ya nchi kavu. Kaskazi ilileta majahazi toka Bara Arabu na Bara Hindi, na kusi iliyarudisha. Kwa nini mtu akanyage matope ya Rufiji siku nyingi, ilhali chombo chenye tanga hufika upesi na kuchukua mzigo wa watu mia?

Kwa njia hiyo ya bahari Kilwa Kisiwani ilipata utajiri. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafalme wake, na msikiti wake mkubwa ulijengwa kwa mawe ya matumbawe. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alifika huko mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno waliuteka na kuuteka nyara. Tangu hapo fahari yake ya kale ilififia, lakini magofu yake yangali yasimama, na tangu mwaka 1981 yamo, pamoja na yale ya Songo Mnara, katika orodha ya urithi wa dunia.

Misafara ya Nyasa

Katika karne ya 19 biashara ilihamia bara, katika mji wa Kilwa Kivinje. Hapo ndipo ulipoishia mwendo mrefu wa miguu utokao Ziwa Nyasa. Wayao, waliokuwa wafanya biashara hodari, pamoja na Waarabu na Waswahili wa pwani, waliongoza misafara ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu vichwani na mabegani. Walipokwenda bara walichukua bunduki, baruti, shanga na nguo. Nguo iliyopendwa sana iliitwa merikani, na jina hilo lilikuwa la haki, maana ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, nchi ya Marekani, ikaletwa Unguja na merikebu za mji wa Salem. Mwaka 1833 Sayyid Said alikuwa amekwisha kufanya mkataba wa biashara na Wamarekani.

Kwa njia hiyo ya Kilwa, Mjerumani kijana aitwaye Albrecht Roscher alifika Ziwa Nyasa mwezi wa Novemba 1859, miezi miwili tu baada ya David Livingstone kulifikia kwa upande wa kusini. Roscher hakurudi, aliuawa huko mwaka 1860.

Njia ya minyororo

Lakini pembe hazikuwa mzigo pekee wa misafara. Watu pia waliletwa Kivinje, wanaume, wanawake na watoto, wamefungwa minyororo na mapanda ya miti shingoni. Katika miaka ya 1860 watu wapatao 20,000 kila mwaka walipita katika forodha ya Kilwa, wakapakiwa majahazini, wengi wao kwenda Unguja. Hesabu hiyo haiwataji walioanguka njiani kwa njaa na ndui, wala walioachwa porini kwa kuwa hawakuweza kutembea tena.

Mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Manowari za Kiingereza zikalinda bahari. Je, biashara ile ilikoma? Haikukoma mara moja. Wenye kuifanya waliiacha bahari wakageukia nchi kavu: wakawaendesha mateka kwa miguu, toka Kilwa kuelekea kaskazini, pwani kwa pwani, wakivuka Rufiji na kupita nyuma ya Dar es Salaam.

Mwishoni mwa mwaka huo Mwingereza mmoja, Kapteni Frederic Elton, alitembea katika pwani hiyo kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Kwa muda wa mwezi mmoja tu aliwahesabu zaidi ya watumwa 4,000 waliokutana naye njiani. Fikirini, enyi wanafunzi: ni watu wangapi hao? Shule yenye watoto 400 ingehitaji kupita mara kumi. Hatimaye, mwaka 1876, Barghash alipiga marufuku kuwapitisha watumwa hata kwa nchi kavu. Basi njia iendayo leo mabasi yenye nyimbo na vicheko, sehemu kubwa yafuata pwani ile ile waliyopita watu wale, na majina yao hayakuandikwa popote.

Wajerumani na vita vya Majimaji

Mwaka 1877 Waingereza wawili, William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton, walianza kukata barabara ya magari ya ng'ombe toka Dar es Salaam kuelekea Nyasa. Ng'ombe walikufa kwa ndorobo, fedha ikapungua, na mwaka 1881 kazi iliachwa, njia ikiwa haijafika Nyasa.

Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walipoitwaa nchi walipata upinzani mkali. Mwaka 1888 watu wa Kilwa Kivinje waliwaua Wajerumani wawili wa Kampuni. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana nao kwa muda mrefu, alinyongwa hapo Kivinje.

Kisha ikaja habari kubwa kupita zote. Serikali iliwalazimisha watu kulima pamba kwa malipo duni, na kulipa kodi juu yake. Huko Ngarambe mganga Kinjekitile Ngwale alitoa maji, akasema yatageuza risasi kuwa maji. Mwezi wa Julai 1905, Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba, na vita vikaanza. Walishuka hata Samanga, ndiyo Somanga ya leo, wakaiharibu. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjekitile alinyongwa Mohoro. Vita viliendelea hata mwaka 1907, navyo vilienea mpaka Ungoni. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliua kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na kufika 300,000.

Baada ya vita, wapagazi walionekana tena njiani na mzigo wa ajabu. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimbua mifupa ya wanyama wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Wachimbaji mamia walikuwa wenyeji wa nchi, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ile, iliyokuwa imegeuka mawe, ilibebwa kwa vichwa mwendo wa siku nne hata bandarini Lindi. Mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo kipitacho mita 13, amesimamishwa Berlin hata leo.

Rufiji wapata daraja

Motakaa zilipokuja, Rufiji ulikuwa kizuizi. Magari yalivushwa kwa pantoni hapo Ndundu, yakisubiri zamu, pengine siku nzima na usiku wake. Wakati wa masika mto ulifurika, udongo mweusi wa bonde ukawa kama uji, na malori yakazama hata ekseli. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Mgonjwa hakuweza kupelekwa, bei ya sukari na mafuta ya taa ilipanda, na korosho zilingoja meli.

Msidhani kwamba shida hiyo ni ya nchi maskini peke yake. Mwaka 1913 Wamarekani walitangaza barabara yao ya Lincoln, iendayo toka New York hata San Francisco, zaidi ya kilomita 5,000. Nayo mwanzoni ilikuwa ya udongo mahali pengi. Mwaka 1919 magari ya jeshi yaliyotoka Washington yalitumia siku 62 kufika San Francisco. Yalizama matopeni na kuvunja madaraja ya mbao. Afisa kijana mmojawapo, Dwight Eisenhower, hakuyasahau matope yale. Alipokuwa Rais alitia sahihi sheria ya mwaka 1956 iliyoipa nchi yake barabara kuu.

Katika Rufiji daraja lilifunguliwa mwezi wa Agosti 2003. Urefu wake wapata mita 970, nalo laitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, mzaliwa wa Lupaso huko Masasi. Lakini daraja bila njia halitoshi: sehemu ya Ndundu hata Somanga, kilomita zipatazo 60, ilichukua miaka mingine kumi hivi kabla haijatiwa lami yote.

Njia hutaka kutunzwa

Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani hiyo, na mvua kubwa ikanyesha. Maji yalikata barabara mahali kadhaa katika nchi ya Kilwa, karibu na Somanga. Mabasi na malori yalisimama siku kadhaa, abiria wakalala njiani, na Kusini ikatengwa na Dar es Salaam kama siku za pantoni. Ndipo watu wengi walipotambua ya kuwa njia si kitu kijengwacho mara moja kikaachwa. Makaravati yataka kuzibuliwa, mitaro kusafishwa, na kingo za mito kuachiwa miti yake ili udongo usiondoke.

Njia haichagui mzigo. Hiyo hiyo ilipitisha pembe na minyororo, askari na wakimbizi wa njaa. Leo yapitisha korosho, ufuta, samaki, madaftari na wagonjwa waendao hospitali. Watu ndio wachaguao kitakachopita. Kwa hiyo aijuaye habari ya njia yake, anapoona mtu akiziba mtaro kwa takataka au kung'oa alama ya barabara auze chuma, hatanyamaza.

Maswali

1. Tajeni miji na mito ambayo msafiri huipita kati ya Ikwiriri na Lindi.
2. Kwa nini watu wa zamani walipenda kusafiri baharini kuliko nchi kavu?
3. Neno "merikani" lilitoka wapi?
4. Mkataba wa 1873 ulibadilishaje mwendo wa misafara ya watumwa?
5. Elezeni chanzo cha vita vya Majimaji.
6. Chora ramani ya Barabara ya Kilwa, uonyeshe daraja la Mkapa na njia panda ya Nangurukuru.
7. Waulize wazee wa kwenu jinsi walivyosafiri kabla ya daraja, kisha andika habari yao kwa mistari kumi.