Nomaliti Katika Kipimo cha Maziwa: Hesabu na Utayarishaji wa Miyeyusho kwa Mfano wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Kaunti ya Trans-Nzoia, yenye makao makuu mjini Kitale, na Kaunti ya Bungoma zinapakana chini ya Mlima Elgon. Pande zote mbili zinajulikana kwa mahindi, lakini ng'ombe wa maziwa nao hulisha jamaa nyingi. Mkulima afikapo na mtungi wake kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, yeye na mpokeaji huelewana kwa Kiswahili hata kama lugha zao za nyumbani ni tofauti. Hata hivyo, maziwa yakitiliwa shaka, hukumu hutokana na chupa iliyoandikwa "0.1 N", na somo la kemia linaloieleza alama hiyo hufundishwa shuleni kwa Kiingereza. Makala haya yanafafanua maana ya alama hiyo, hesabu yake, na namna ya kutayarisha myeyusho unaostahili kuitwa hivyo.

Dhana na istilahi

Mfasiri wa haraka anaweza kuiita dhana hii "ukawaida". Neno hilo linapotosha, kwani hapa hakuna suala la mazoea. Kinachohesabiwa ni uwezo wa kemikali kulingana na nyingine katika mmenyuko. Kwa sababu hiyo, makala yanatumia "nomaliti", sambamba na "molariti", na "uzito linganifu" kwa kiasi cha gramu kinachohesabiwa.

Uzito linganifu wa asidi ni uzito wa moli moja ukigawanywa kwa idadi ya ioni za haidrojeni ambazo asidi hiyo hutoa katika mmenyuko. Kwa besi, kigawanyo ni idadi ya ioni za haidrojeni zinazopokewa. Mifano ni hii:

Asidi hidrokloriki: 36.5 ÷ 1 = 36.5
Asidi salfuriki: 98 ÷ 2 = 49
Asidi oksaliki yenye maji ya fuwele: 126 ÷ 2 = 63
Sodiamu haidroksaidi: 40 ÷ 1 = 40

Nomaliti ni idadi ya uzito linganifu iliyomo katika lita moja ya myeyusho. Asidi salfuriki ya molariti 1, basi, ina nomaliti 2. Asidi fosforiki huweza kutoa ioni moja, mbili au tatu, kwa hiyo nomaliti yake hubadilika kulingana na mmenyuko. Utata huu ndio uliowafanya wanakemia wa kimataifa kupendekeza molariti badala yake. Lakini katika upimaji wa maziwa nomaliti ingali hai.

Hesabu na utayarishaji

Kanuni ni moja:

Gramu zinazohitajika = nomaliti × uzito linganifu × lita

Lita moja ya sodiamu haidroksaidi ya 0.1 N huhitaji 0.1 × 40 × 1 = gramu 4. Gramu hizo huyeyushwa katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, myeyusho ukaachwa upoe, kisha maji yakaongezwa hadi alama ya lita moja. Maji huchemshwa ili kuondoa gesi ya kaboni dioksaidi.

Kazi haijaisha hapo. Sodiamu haidroksaidi hufyonza unyevu na kaboni dioksaidi kutoka hewani, kwa hiyo gramu 4 za mizani si gramu 4 za alkali halisi. Ni lazima myeyusho usahihishwe kwa asidi oksaliki ya 0.1 N, ambayo hupatikana kwa kuyeyusha gramu 6.3 hadi lita moja. Matone machache ya fenolfthalini hutiwa ndani ya asidi, na alkali hutoneshwa hadi rangi ya waridi hafifu itokee na kudumu. Kisha hutumika mlinganyo huu:

N₁ × V₁ = N₂ × V₂

Tuseme mililita 20 za asidi zimehitaji mililita 22.2 za alkali. Nomaliti halisi ya alkali ni 0.1 × 20 ÷ 22.2 = 0.09.

Athari ya kosa

Asidi ya maziwa mabichi, inayohesabiwa kama asidi laktiki, kwa kawaida huwa kati ya asilimia 0.16 na 0.18. Zaidi ya hapo, maziwa hushukiwa kuwa yameanza kuchacha. Uzito linganifu wa asidi laktiki ni 90. Kwa hiyo mililita 9 za maziwa zikipimwa, asilimia hukaribia mililita za alkali zikizidishwa kwa nomaliti.

Maziwa yenye asilimia 0.17 ni salama. Yakipimwa kwa alkali ya 0.09 N, yatahitaji mililita 1.89. Mpimaji anayeamini maandishi ya "0.1 N" atazidisha kwa 0.1 na kupata asilimia 0.19. Mtungi utarudishwa, na mkulima ataondoka akidhani kosa ni lake, la ndoo chafu au la kuchelewa njiani. Kumbe maziwa hayana kasoro; kasoro imo katika chupa.

Hitimisho

Chupa ya myeyusho iandikwe nomaliti iliyopatikana baada ya kusahihishwa, pamoja na tarehe, nayo ifungwe vizuri na kusahihishwa tena mara kwa mara. Hesabu zilizoonyeshwa hapa hazizidi kuzidisha na kugawanya, na Kiswahili kimezibeba bila shida. Mkulima wa Kitale au Bungoma akielezwa hivi, ataweza kuuliza swali lililo haki yake: "Myeyusho huu ulisahihishwa lini?"