Behewa Lilibeba Nini Jana? Somo la Kusafisha Behewa Kabla ya Kupakia Mahindi

Ninyi wakulima mnaokaa kando ya reli, mmelima, mmevuna, mmekausha, mmejaza magunia. Msidhani ya kuwa kazi imekwisha. Mahindi mliyoyatunza miezi mingi yaweza kuharibika kwa siku chache ndani ya behewa chafu, na mnunuzi hatauliza kosa ni la nani. Ataona gunia lenye fukusi, naye atapunguza bei.

Reli ilifika Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, katika mwaka 1910, ikitoka kusini. Haikujengwa kwa ajili ya mahindi, ilijengwa kwa ajili ya shaba. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na makaa yake yalikuja kwa reli kutoka Wankie. Lakini watu wa migodi hawali shaba. Kwa hiyo reli ileile ilileta mahindi na ng'ombe kutoka Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Basi tangu siku zile swali la kwanza la mpakiaji ni hili: behewa hili lilibeba nini jana?

Uliza kwanza, kisha ushike fagio. Kila mzigo huacha uchafu wake, na kila uchafu una dawa yake.

Kama lilibeba saruji, usimwage maji. Saruji ikilowa hushika mbao kama jiwe. Jifunge kitambaa puani, ukwangue, ufagie kukiwa kukavu. Kama lilibeba chumvi, fagio peke yake halitoshi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa, na sakafu italowa usiku hata bila mvua. Hapo osha kwa maji mengi, ufungue milango yote, ungoje jua. Kama lilibeba ng'ombe, ondoa samadi (ipeleke shambani, usiitupe), osha, paka chokaa, kausha. Kama lilibeba mawe ya shaba, vumbi lake ni zito nalo hukaa katika nyufa za sakafu. Lichokonoe kwa waya, kwa maana fagio hupita juu yake tu.

Mahindi ya zamani nayo ni uchafu, tena ndiyo uchafu unaodanganya kuliko wote. Mtu huona punje chache pembeni, husema, "Hizi ni mahindi, nami napakia mahindi, kuna ubaya gani?" Ubaya ni fukusi. Fukusi jike hutoboa punje, hutia yai ndani, huziba tundu. Mtoto wake hula punje kutoka ndani, na kwa joto la nchi yetu, baada ya majuma kama matano, hutoka amekuwa mkubwa. Kwa hiyo punje inayoonekana nzima yaweza kuwa nyumba ya fukusi. Anza juu, kwenye paa na kuta, ushuke hadi sakafuni, ufagie kuelekea mlangoni, usisahau mfereji wa mlango. Takataka zile zichomwe moto mbali na reli. Ukiziacha chini ya behewa, fukusi watapanda tena kabla hujamaliza kupakia.

Wamarekani zamani walipakia ngano bila magunia katika mabehewa ya kawaida yenye paa. Behewa lilikaguliwa kwanza. Lililonuka ngozi mbichi au mbolea lilikataliwa. Lililokubaliwa lilifagiwa, matundu yakazibwa, mbao zikapigiliwa mlangoni kwa ndani ili ngano isimwagike. Kujua matundu ni rahisi. Ingia ndani mchana, mwenzako afunge milango, naye asiondoke hapo mlangoni hata kidogo! Simama kimya gizani. Panapoingia mwanga, mvua nayo itaingia. Mimi niliwahi kuona magunia yaliyopakiwa juu ya sakafu iliyooshwa asubuhi ileile. Yalipofunguliwa, yale ya chini yalikuwa na ukungu wa kijani. Mahindi ya namna hiyo si hasara ya fedha tu. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui katika Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna behewa lisilosafishika. Lililobeba mafuta, mbao zake zimekunywa, na unga utanuka. Lililobeba asidi ya viwandani au dawa ya kuua wadudu, likatae, hata likioshwa mara kumi. Mwaka 1967, katika mji wa Chiquinquirá, nchi ya Kolombia, gari lilibeba unga wa ngano pamoja na sumu ya wadudu iitwayo parathioni. Sumu ikavuja juu ya unga, waokaji wakafanya mikate, watu wakanunua wakala. Waliokufa ni wengi, na wengi wao walikuwa watoto. Unga ulikuwa mweupe kama siku zote.

Kwa hiyo nasema na akina mama pia. Najua kuna wanaookota punje zilizofagiwa katika mabehewa, hasa miezi ya njaa. Siwacheki. Lakini punje zile zimechanganyika na kila kilichobebwa humo, na kuziosha hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani. Wala msiwape kuku, maana kuku mtamla.

Mkuu wa stesheni akisema hakuna behewa lingine, ngojeni. Najua kungoja kuna gharama, na mlinzi wa magunia hula kila siku. Mimi ningengoja.

Siku hizi mizigo mingi hupita barabarani kwa malori, hata ile ya Kasumbalesa. Lori nalo lina sakafu, nyufa na jana yake. Muulize dereva, kunja turubai utazame chini yake, unuse. Tandaza vijiti na mikeka mikavu, ndipo gunia la kwanza lipande.