Mti Mpakani ni Mzigo wa Nani?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ngeli, vitendawili na tamathali za usemi. Mwaka huu mimi nimeamua kuandika juu ya mti. Si mti wa sitiari, la hasha, ni ule mti wa kweli uliosimama mpakani na kuwafanya majirani wasiamkiane. Hapa Bukura ukienda baraza la chifu hukosi kusikia kesi ya mpaka, na ukiichimba kesi hiyo utakuta mti chini yake.

Kwanza tujiulize, mbona miti yetu karibu yote iko mpakani? Ni kwa sababu mashamba ni madogo. Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zilimtaka kila mwenye shamba awe na miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 69, inaitaka Serikali ifanye kazi ili angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Sasa chukua robo eka. Ni kama mita mraba 1,000, kwa hivyo asilimia 10 ni mita mraba 100. Utazitoa wapi? Katikati kuna mahindi, maharagwe, migomba na zizi la ng'ombe. Basi miti inasukumwa pembeni. Tena robo eka ya mraba ina upande wa mita 32 hivi, na mkaratusi uliokomaa, ambao nyumbani tunauita blugamu, hufika mita 30 na kupita. Yaani ukilala, unaweza kulivuka shamba la jirani na kwenda kumsalimia jirani wa pili.

Sababu nyingine ni mila. Kwetu Waluhya, kupanda mti ni kama kusema "hapa ni pangu". Ndiyo maana wanawake walikatazwa kupanda miti, ati mwanamke akipanda, mumewe atakufa ama yeye mwenyewe atakuwa tasa. Mradi wa kuni uliojulikana kama KWDP, uliofanya kazi Kakamega katika miaka ya 1980, uliukuta mwiko huo ukiwa na nguvu. Lakini vichaka kama kaliandra watu hawakuvihesabu kuwa miti, kwa hivyo akina mama wakavipanda na kupata kuni bila kelele. Mimi nawasifu sana akina mama hao. Ninalotaka mlishike hapa ni kwamba jirani akipanda mti karibu na mpaka, wewe huoni mti, unaona dai la ardhi. Ndiyo sababu watu hukimbilia panga kabla ya kuuliza.

Sasa tuje kwenye sheria. Katika mambo ya matawi mahakama zetu hufuata kanuni zilizotokana na hukumu za Uingereza, ambazo Sura ya 8 ya Sheria za Kenya inaziruhusu zitumike hapa kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyofaa hali ya watu wetu. Mwaka 1894 huko Uingereza ilikatwa kesi ya Lemmon na Webb. Webb aliyakata matawi ya miti mikubwa ya jirani yake yaliyovuka mpaka, wala hakumpa habari. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho, lilisema hakukosea, maadamu alikata yaliyovuka tu na hakuingia katika shamba la mwenzake.

Basi tawi likivuka unaweza kulikata, lakini mwisho wako ni mpakani. Ukitia mguu upande wa pili bila ruhusa umevamia shamba la mtu. Mizizi nayo ni vivyo hivyo. Hebu angalia pia hili ambalo wengi hawalijui: tawi ulilolikata si kuni zako. Bado ni mali ya mwenye mti, na akilitaka umpe. Matunda pia ni yake. Mwaka 1919 mahakama ya Uingereza ilimwamuru mtu alipe kwa sababu alichuma matofaa kwenye matawi yaliyoning'inia kwake akayauza. Badala ya matofaa weka maparachichi, nawe utajua ni watu wangapi hapa kijijini wangelipa! Na wale wanaobambua gome usiku ili mti ufe polepole, ama wanaomwagia shina dawa, hao wameharibu mali ya mtu kwa makusudi, na hilo ni kosa la jinai.

Jambo zito zaidi ni mti kuanguka. Hapa nitaeleza yaliyotupata nyumbani kwa sababu yanaonyesha sheria vizuri kuliko maneno yangu. Jirani yetu, ambaye ni wa ukoo wa baba, ana mikaratusi saba upande wa jikoni kwetu. Mmoja ulikuwa na tawi kubwa lililokauka. Mama alimwambia mara mbili, "Shemeji, lile tawi litatuua." Akajibu atalitazama. Msimu wa masika, mvua ya alasiri ilipokuja na upepo wake, tawi likashuka juu ya jikoni na kutoboa mabati mawili. Dada yangu mdogo alikuwa ametoka humo kuchota maji. Jirani alipoitwa akasema, "Hiyo ni kazi ya Mungu, mimi sikuuma tawi kwa meno."

Je, ni kazi ya Mungu? Sheria inakubali kwamba ipo. Mti mzima usio na dalili yoyote ya ugonjwa ukiangushwa na dhoruba kali, mwenyewe halipi, kwa sababu hakuna uzembe. Lakini kama mti ulikuwa umeoza, umeinama ama una tawi lililokufa, na mwenyewe alijua au mtu mwangalifu angejua, basi madhara ni yake. Kwa hivyo swali kubwa ni nani alijua nini, na lini. Liguru alipofika hakuuliza bei ya mabati. Alimwuliza mama, "Ulipomwambia, nani alisikia?" Hakuna aliyesikia. Jirani akasema haikumbuki siku hiyo.

Kesi nzima ilining'inia kwenye swali hilo moja. Liguru aliwapatanisha, jirani akanunua bati moja na baba moja, na mikaratusi mitatu iliyo karibu zaidi ikakatwa. Iliyobaki ni minne, na mmoja umeinama. Safari hii niliandika barua mimi mwenyewe kwa Kiswahili sanifu: tarehe, mti wa ngapi kutoka njiani, umeinama upande gani, na nyufa zilizoonekana chini ya shina. Mama akatia sahihi, liguru akatia yake, nakala moja tukaiweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Jirani alinuna wiki mbili. Na anune tu, lakini sasa hawezi kusema hakuambiwa.

Kuna mti wa aina nyingine ambao msiuchanganye na huo. Ni mti ambao wenyewe ndio mpaka. Katika sehemu nyingi za Kenya ramani za ardhi zilichorwa kwa kufuata nyua na mistari ya miti, kwa hivyo mstari ulio kwenye ramani ni wa kukadiria tu. Lusiola ya zamani iliyopandwa na mababu wawili inaweza kuwa shahidi kuliko ramani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inawataka wenye mashamba wazitunze alama za mpaka, yaani nyua, mawe, bikoni na kadhalika, na kuziharibu au kuziondoa bila idhini ya Msajili ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela. Huo hauguswi hata kama matawi yake yanakutia kivuli na shina liko nusu kwako. Ukipunguza matawi, uhakikishe shina limebaki salama mahali pake.

Watu wakibishana mpaka uko wapi, kukimbilia mahakama moja kwa moja hakusaidii. Kifungu cha 18 cha sheria hiyo kinasema mahakama isisikilize kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wake. Ni lazima kwanza kumwomba Msajili wa Ardhi, naye huwaita majirani wote wawili, huja na mpima ardhi, husikiliza, halafu huonyesha mstari. Zamani kulikuwa na mabaraza ya wazee ya kesi za ardhi chini ya sheria ya 1990, lakini yaliondolewa mwaka 2011 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoundwa. Wazee bado wanaweza kupatanisha, ila kuamua mpaka uliosajiliwa si kazi yao.

Wenzangu darasani waliniuliza, "Si kuna mita ambazo mtu lazima aache?" Ufaransa wanazo: mti unaozidi mita 2 kwa urefu upandwe angalau mita 2 kutoka mpakani, isipokuwa kama desturi za mahali zinasema vingine. Kwetu kipimo ni kero na madhara yenyewe. Kwa maoni yangu mita 2 kwa mkaratusi ni mzaha. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na chemchemi kwa sababu ya kiu yake. Kama inaweza kukausha chemchemi, mistari ya kwanza ya mahindi ya jirani itapona vipi?

Limebaki moja linalotatiza sana hapa kwetu. Hatimiliki nyingi bado ziko kwa majina ya mababu waliokwisha kufa, na wajukuu wamegawana kwa mdomo tu. Utamshtaki nani, marehemu? Kuhusu hatari ya mti, mzigo humwangukia anayeishi pale na kulitumia shamba, hata kama jina lake haliko kwenye hati. Barua yako muandikie huyo. Lakini ombi la mpaka kwa Msajili ni shida kama mirathi haijafanywa, kwa maana hakuna aliyeruhusiwa kusema kwa niaba ya marehemu mpaka mahakama imteue msimamizi wa mali yake. Kabla hujaanza safari ya ofisi ya ardhi Kakamega, muulize baba ama mama yako hati ya nyumbani ina jina la nani.