Oili gani inafaa stelingi ya gari langu?

SWALI: Usukani wa Toyota Mark II yangu umekuwa mzito, na unalia nikikata kona. Fundi kaniambia niongeze oili yoyote nyekundu. Ni sawa?

JIBU: Rangi isikudanganye. Soma kwanza kifuniko cha kikopo cha oili ya stelingi, au kitabu cha gari. Toyota nyingi za umri wa Mark II yako hutumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron II au III. Honda ni habari nyingine: ina oili yake maalumu. Mafuta ya breki usithubutu. Sili huvimba, pampu ikafa.

Tena, oili haipungui bure. Futa mipira na chini ya pampu kwa kitambaa cheupe. Kikilowa, ziba uvujaji kwanza, ndipo ujaze.