Pua na Kinywa

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametuumbia pua kwa pumzi, na kinywa kwa chakula na maneno. Pua huchuja vumbi kwa vinyweleo na ute wake, huitia hewa joto na unyevu kabla haijafika mapafuni. Kinywa hakina kichujio hicho. Apumuaye kwacho usiku kucha huamka koo limekauka.

Twaona mtoto alalaye kinywa wazi, akikoroma, na mchana akisinzia chuoni. Mwalimu humpiga, na mamaye humfungia hirizi. Huenda ni nyama zilizovimba nyuma ya pua, na dawa yake iko kwa tabibu. Basi tusimwadhibu mtoto kwa maradhi.

Nasi tutawadhapo, tusiipitie pua kwa haraka: tupandishe maji, tupenge, ila mwenye saumu asizidishe.