Uchungu wa Dawa na Dozi ya Mtoto

Mtoto anapoitema dawa au kuitapika, dozi aliyoandikiwa haimfikii kwa ukamilifu. Vimelea vya ugonjwa vyaweza kusalia mwilini, homa ikarejea, na mzazi akalazimika kurudi zahanati na mgonjwa aliye taabani zaidi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa famasia huihesabu ladha kuwa sehemu ya tiba.

Ulimi huonja dawa pale tu inapoyeyuka katika mate. Uchungu ukiwa mdogo, watengenezaji huongeza utamu na ladha ya matunda. Ukiwa mkali, punje za dawa hufunikwa kwa utando mwembamba usioyeyuka mdomoni, ila huyeyuka ukikutana na asidi ya tumbo.

Dawa mseto ya malaria, yaani ALu, ni mfano ulio karibu. Hapo awali walezi walisaga vidonge vya kawaida na kuvichanganya na maji ili mtoto ameze. Baadaye kilitengenezwa kidonge chenye ladha ya cheri kinachosambaratika chenyewe katika maji kidogo, nacho kikaanza kutumika mwaka 2009. Kabla ya hapo kilijaribiwa kwa watoto 899 katika nchi za Tanzania, Kenya, Benin, Mali na Msumbiji. Kiwango cha kupona kilikuwa asilimia 97.8, dhidi ya asilimia 98.5 kwa waliopewa kidonge kilichosagwa. Hivyo ladha iliboreshwa pasipo kupunguza nguvu ya tiba.

Zipo pia dawa zinazoachia kiini chake polepole, zikiwemo baadhi ya dawa za kifafa. Utando wake huruhusu dawa itoke kidogo kidogo kwa saa nyingi, hata mtoto akahitaji dozi chache kwa siku. Kidonge cha aina hii kikisagwa au kutafunwa, utando huvunjika na dawa yote hutoka kwa mkupuo. Mtoto aweza kudhurika kwa wingi wake, kisha saa chache baadaye akabaki bila kinga dhidi ya degedege la kifafa.

Wazazi na walezi wazingatie yafuatayo:

1. Kumwuliza mtoa dawa: je, kidonge hiki chaweza kusagwa, kukatwa au kuyeyushwa? Pasipo jibu la mtaalamu, kisisagwe.

2. Kidonge cha kuyeyusha kitiwe katika maji safi kiasi kidogo. Mtoto akishakunywa, kikombe kisuuzwe kwa maji machache naye anywe mabaki hayo.

3. Dawa isichanganywe katika bakuli zima la uji. Mtoto akibakiza uji, amebakiza na dozi.

4. Mtoto akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza ALu, mhudumu wa afya aarifiwe mapema, kwani huenda dozi hiyo ikahitaji kurudiwa.

5. Dozi imalizwe kama ilivyoandikwa. Ya ALu ni siku tatu, hata homa ikishuka siku ya kwanza.

6. Dawa isiitwe pipi mbele ya mtoto. Kadiri inavyokuwa tamu ndivyo inavyopaswa kuwekwa juu, mahali asipofikia.

Mtoto anayekataa dawa kila mara arudishwe kituoni pamoja na dawa hiyo, ili mtaalamu aangalie kama ipo ya aina nyingine inayomfaa.